Harusi ya Kila Asubuhi

Fungu la mboga lilikuwa moja, na mikono iliyolishika ilikuwa miwili.

Hapo ni Kalerwe, Kampala, Jumamosi, soko limefurika hadi mtu akitaka kujikuna anaomba radhi kwa jirani. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekoroga tope pamoja na maganda ya ndizi, wachukuzi wanapita na magunia kichwani wakipiga miluzi, na kila mwenye kibanda anaapa kwamba nyanya zake zimechumwa leo. Nasike alikuwa amejiandaa kwa vita: buti za mpira, sketi ya kitenge cha bluu iliyopandishwa kidogo kiunoni, koti la mvua la manjano. Alikuwa ametafuta saga soko zima. Alipoipata kwenye kibanda cha mwisho na kuitia mkononi, mkono mwingine mrefu, wenye saa ya fedha, ukaishika upande wa pili.

"Samahani kaka, hii saga ni yangu."

"Saga?" Mwenye mkono aliinama kuitazama. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. "Dada, hii ni dek. Kwetu hata mtoto anaijua."

"Hiyo ni jobyo," mwenye kibanda aliwakatiza wote wawili bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake. "Na mwenyewe bado ni mimi."

Nasike alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka.

"Wewe ni wa Bungoma," yule mwanamume alisema.

"Nani kakuambia?"

"Hakuna mtu mwingine anayedai mboga kwa sauti ya chifu."

"Na wewe ni wa ziwani. Hakuna mwingine anayeingia tope la Kalerwe na viatu vya kwenda kumwona waziri."

Alivitazama viatu vyake, ambavyo kwa wakati huo havikuwa na rangi yoyote ya kueleweka. "Nilidhani soko lina sakafu."

Fungu likafunguliwa, likagawanywa. Yeye alimpa Nasike upande mnene, Nasike akamrudishia majani kadhaa ili asije akajiona mkarimu mno, na wakaachana bila kuulizana majina. Njia nzima hadi Bugolobi, Nasike alijilaumu. Mwanamke mzima, una mdomo wa kuchamba viatu vya watu, jina tu limekushinda kuuliza.

Jumatatu, ofisini, alimkuta ameketi meza inayotazamana na yake.

"Bibi Saga," yule mwanamume alisema akisimama. "Mimi naitwa Ondiek. Naambiwa wewe ndiye nitakayekuwa nakuogopa."

Aliambiwa kweli. Kampuni yao iliitwa Tega Kapu, ofisi ya ghorofani Bugolobi ambako upepo ukigeuka unaletewa harufu ya kahawa inayokaangwa viwandani. Walitengeneza programu ambayo mwenye mkahawa aliitumia kuagiza vyakula, na simu ya muuzaji kule Kalerwe ikalia. Ni jambo dogo kulieleza na kubwa kulitunza, kwa maana programu hiyo moja iliishi mahali patatu. Palikuwa na Jikoni, ambako mafundi walipika na kuunguza watakavyo. Palikuwa na Kionjo, ambako kilichopikwa kilionjwa kwa oda za uongo na simu za uongo. Na palikuwa na Sokoni, ambako watu wa kweli walisubiri mizigo ya kweli. Programu haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mipangilio, yaani ile mistari inayoiambia programu leo uko wapi, usome hazina gani, uamshe simu ya nani. Ukichanganya mistari hiyo, umemtuma mpishi anayejaribu chumvi akawapakulie wageni.

Mwangalizi wa mistari hiyo alikuwa Nasike. Kionjo kilipoagiza nyanya, simu zilizolia ni zile kuukuu zilizojazana kwenye droo ya meza yake, na yeye ndiye aliyebonyeza "Nimepokea." Sokoni hakuna aliyegusa mstari peke yake. Iliamriwa hivyo tangu siku fundi mmoja alipojaribu kitu kidogo tu na wauzaji wote wa Kalerwe wakaamka wanaitwa jina moja. Toka hapo zilihitajika funguo mbili, vifimbo vidogo vyeusi vya kuchomeka kwenye kompyuta, mikononi mwa watu wawili. Wa kwanza anaandika badiliko. Wa pili analisoma, anauliza kwa sauti, "Una hakika?" na wa kwanza akijibu ndiyo, wanachomeka kwa pamoja.

Kanuni zote za funguo aliziandika Nasike, na hakuna aliyezipenda. Fundi Komakech aliwahi kuomba apangwe jozi na mdogo wake, aliyefanya kazi humo humo. Nasike alimkatalia mbele ya watu.

"Ninyi mnakula chungu kimoja. Akikosea utamuuliza kama ana hakika, au utamfunika?"

"Huyo mwanamke angemnyima ufunguo mama yake mzazi," Komakech alinung'unika.

Mzee Erinayo, mwenye kampuni, ndiye aliyepanga jozi kila mwezi mpya, na mwezi ule alimweka Ondiek na Nasike. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtu asiyejua kazi hii atadhani hakuna mapenzi ndani ya mistari ya mipangilio. Basi akae meza inayotazamana na mwanamume anayesoma kazi yako neno kwa neno, bila haraka, kisha anainua macho na kuuliza kwa sauti ya chini, "Una hakika, Bibi Saga?" Nasike alijibu nina hakika, na uso ukamwaka kama aliyeinamia sufuria.

Ondiek ndiye aliyetunga pia oda ya kuonjea. Zamani Kionjo kiliagiza kitunguu kimoja kila asubuhi. Yeye akaona hiyo ni aibu. Asubuhi moja droo ya Nasike ilitetemeka, simu zote zikilia kwa mpigo, na alipofungua akasoma: Mteja, Bibi Saga. Shughuli, harusi. Mikungu ya matoke, magunia ya kabichi, vitunguu, mbuzi, na fungu moja la saga. Zipelekwe Bugolobi, kwenye jengo lao lile lile.

"Ondiek, huyu Bibi Saga anaolewa na nani?"

"Bwana harusi bado hajajitokeza. Tunaonja tu."

Basi Bibi Saga akawa anaolewa kila asubuhi. Miezi ikapita, na kila mwezi Mzee Erinayo akawaacha pamoja. Wakala rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, wakiwa wamesimama Kamwokya, alikokaa Ondiek, yai likichuruzika mkononi, Nasike akicheka hadi anamshika bega. Wakapigiana simu kila jioni, Ondiek akimwita jaber, yaani mrembo, kwa lugha ya kwao.

"Umefika, jaber?"

"Nimefika. Huyo anayecheka huko kwako ni nani?"

"Ni redio ya jirani."

"Jirani mwanamke?"

"Jirani ni mzee wa kanisa, Nasike."

"Wazee wa kanisa wana mabinti."

Tuseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe hakuuficha: Nasike alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mama mwenye nyumba aliyempelekea Ondiek chapati. Alimwonea wivu hata yule mwenye kibanda wa Kalerwe, aliyeanza kumwekea Ondiek mboga pembeni. Akipenda alipenda mzima mzima, na alitaka apendwe hivyo bila chenji kubaki mkononi mwa mtu. Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba hakuwa na neno lolote la kushika. Ondiek alimwita jaber, alimwita Bibi Saga, lakini kila alipouliza lini bwana harusi atajitokeza, alijibiwa kwa kicheko.

Kisha akaja Latifah.

Latifah alikuwa Mnubi, mtoto wa Bombo, fundi hodari aliyeajiriwa kushughulika na simu za wauzaji. Alitembea taratibu, akanukia udi, na kila Ijumaa alivaa gurbaba ya rangi iliyofanya ofisi nzima ionekane haijafuliwa. Kosa lake lilikuwa moja: alichekesha, na Ondiek akacheka.

Mwezi mpya ulipoingia, Mzee Erinayo alisoma jozi. Nasike na Komakech. Ondiek na Latifah.

Nasike alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Ondiek, na Ondiek akatazama dirisha.

Alingoja mpaka wakati wa chakula, akachukua sahani yake, akamkuta ngazini.

"Nani ameomba tubadilishwe?"

Ondiek alikuna kidevu. "Mimi."

"Wewe."

"Nasike, nisikilize. Kuna sababu, na nitakueleza Jumamosi. Twende Kalerwe, kwenye kibanda chetu, nitakueleza yote."

"Leo ni Jumanne. Ulimi wako una likizo mpaka Jumamosi?"

"Nakuomba tu unipe hiyo Jumamosi."

"Chukua. Chukua na Jumapili," Nasike alisema, na kushuka ngazi akiwa ameacha sahani yake pale juu.

Siku hiyo na iliyofuata zilikuwa chungu. Meza zao zilitazamana bado, lakini sasa Latifah alivuta kiti akakaa kando ya Ondiek, vichwa viwili mbele ya kioo kimoja. Nasike akasikia ile sauti ya chini, ya taratibu, ikiuliza, "Una hakika?" Na sauti nyingine laini ikijibu, "Nina hakika." Maneno yake. Swali lake. Aliyaandika mwenyewe kwenye kanuni, na leo yanatumika kumchoma. Latifah alipomsalimia, "Dada, umeamkaje?" alijibu "Nzuri," akafunga droo kwa nguvu kuliko droo ilivyostahili.

Komakech, jozi wake mpya, alimwona. "Nasike, hiyo droo imekukosea nini?"

"Soma kazi yako."

Jumatano alasiri Ondiek na Latifah walitoka pamoja kwenda Kalerwe kuwaona wauzaji. Ofisi ikabaki kimya. Nasike alifungua mipangilio ya Kionjo, akaona alama za Ondiek kila kona: jina lile, harusi ile, fungu lile la saga. Akaamua kuifuta yote na kuiandika upya, pasalie pasafi, pasiwe na mkono wa mwanamume yeyote. Kionjo hakikuhitaji ufunguo wa pili. Kuonja hakumdhuru mtu.

Ili asianze na ukurasa mtupu, alinakili mipangilio ya Sokoni nzima, akaibandika pale Kionjo, ikafunika yote isipokuwa oda ya kuonjea, ambayo Sokoni haina, na kuanza kubadilisha mstari kwa mstari kama alivyofanya mara nyingi. Hazina, akabadilisha. Majina ya vyakula, akabadilisha. Alipofika kwenye oda ya kuonjea, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kidole kikagoma. Alikuwa amebakiza harusi ya uongo, na hata hiyo akawa hawezi kuitupa. Macho yakamjaa. Akairuka, akasogea mstari unaofuata, ule unaosema simu za nani ziamshwe, na hapo hapo simu yake mwenyewe ikaita.

"Jaber," Ondiek alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko, na ndani ya kelele hizo kicheko cha Latifah, kikavu na cha karibu. "Nipo kwenye kibanda chetu. Mama mwenye kibanda anakusalimu."

"Umempeleka huko?"

"Nani?"

"Kibanda chetu, Ondiek. Umempeleka kwenye kibanda chetu."

"Tumekuja kazini. Nasike, mbona unanifanyia hivi? Si nilikuambia Jumamosi—"

"Jumamosi utanipeleka wapi tena? Pameshakaliwa."

Alikata simu. Alibonyeza "Hifadhi", akafunga kompyuta, akachukua koti lake la manjano. Hasira hasara, wahenga walisema, na hawakujua hata kompyuta ni nini.

Asubuhi ya Alhamisi alifika mapema, akaketi, akangoja. Kila mtu alijua saa ya Bibi Saga kuolewa, kwa kuwa droo ilitetemeka hadi vikombe vikagongana. Saa ile ikafika. Droo ikanyamaza. Nasike akaivuta, akazitazama zile simu kuukuu zimelala kando kando, vioo vyeusi. Hakuna iliyolia.

Ameiondoa, akawaza. Mimi kidole kimenishinda, yeye hakikumshinda. Amerudi kutoka Kalerwe na huyo wake, akakaa, akaifuta.

Hapo ndipo wivu ulipokoma kuwa moto ukawa huzuni. Jua lilikuwa limeshapanda Ondiek alipoingia na shati lake jeupe, akasimama mbele ya meza yake.

"Bibi Saga, habari ya asubuhi?"

"Usiniite hivyo. Umeshaniondoa, basi niondoe na mdomoni."

"Nimekuondoa wapi?"

Hakupata kujibu, kwa sababu chini barabarani honi ilipigwa, ndefu, ya mtu asiyeona aibu. Komakech alichungulia dirishani, akarudi ndani taratibu.

"Mnatarajia mgeni?" aliuliza. "Maana kuna pikapu hapa, na sioni dereva kwa sababu ya ndizi."

Walishuka wote. Pikapu ilikuwa imelala kwa nyuma kwa uzito, mikungu ya matoke imepangwa hadi juu ya paa lake, magunia ya kabichi yamefungwa kwa kamba pembeni, na nyuma yake bodaboda mbili za vitunguu. Akashuka mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma. Nasike alimfahamu: Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu, muuzaji wa siku nyingi pale Kalerwe.

"Jambo bote," alisema, akifuta jasho. "Simu yangu ililia asubui, ikaniambia ndoa. Miye nikaita benzangu, tukabeba mbio mbio. Sasa bibi ya ndoa iko wapi? Bibi Saga."

Hapo Nasike akakumbuka. Mstari ule. Mstari wa simu za nani ziamshwe. Alikuwa hajaubadilisha. Kionjo kilikuwa kimeonja, kama kila asubuhi, lakini kimewaamsha wauzaji wa kweli, na droo yake ikanyamaza kwa sababu harusi ilikwenda kulia Kalerwe.

Mzee Erinayo alikuwa ameshuka na kikombe cha chai mkononi. Kiswahili chake alikiokota utotoni kwenye kambi ya polisi alikokaa baba yake, na hakuwahi kukipeleka shule.

"Hii kabichi yote ya nani? Hii halusi ya nani?"

Kila mtu akamtazama Ondiek, mwenye kutunga oda. Ondiek akafungua mdomo, na Nasike akaona kwamba angekubali. Angebeba kosa ambalo hakulifanya.

"Ni mimi, mzee," Nasike alisema. "Jana nilinakili mipangilio ya Sokoni nikaibandika Kionjo. Nikasahau mstari wa simu."

"Wewe? Wewe mwenye kutufunga sisi wote na kanuni?"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira na nani?"

Aliyejibu ni Latifah, mikono ameikunja kifuani.

"Na mimi, mzee. Tangu Jumanne dada ananisalimia kama mtu anayelipa faini."

"Si wewe," Nasike alisema. "Ni yeye. Aliomba nitolewe. Tulikuwa tunashika funguo pamoja, akaenda akaomba nitolewe, akakuweka wewe. Mngefanyaje ninyi?"

Mzee Erinayo alianza kucheka kidogo kidogo, chai ikimwagika.

"Banange. Nasike, huyu alikuja kwangu. Akasema, mzee, mimi na Nasike hatuwezi kushika funguo mbiri, kanuni inakataa. Nikamuuliza, mnakula chungu moja? Akasema, bado, rakini Jumamosi ninaenda kumuuliza. Sasa mimi nifanye nini? Kanuni yako. Wewe ndio uriandika."

Chungu kimoja. Nasike alisimama katikati ya kabichi akasikia maneno yake mwenyewe yakirudi nyumbani. Aliwanyima Komakech na mdogo wake kwa maneno hayo. Mwenyewe alikuwa ameyatafsiri kwa huruma, akijiambia wapenzi si chungu kimoja, wapenzi ni rolex tu ya kando ya barabara. Na Ondiek, mwanamume wa kucheka tu, alikuwa ameisoma kanuni neno kwa neno, bila haraka, kama alivyosoma kila kitu chake.

Furaha ilimjia, lakini hasira ilikuwa imefika kwanza na ilitaka zamu yake.

"Kwa hiyo mzee alijua," alimwambia Ondiek. "Na Latifah?"

"Mimi nimeambiwa jana tu, Kalerwe," Latifah alisema. "Nilimbana. Nilitaka kujua nimechukua nafasi ya nani, mpaka natazamwa vile."

"Kampala nzima ilijua naolewa isipokuwa mimi."

"Nimekosea," Ondiek alisema. Hakutabasamu, na bila tabasamu lile alionekana mdogo kidogo, na mwoga. "Mwezi ulikuwa unageuka, mzee alikuwa anapanga jozi. Nikaona nikikaa kimya navunja kanuni yako, na nikikuambia kwenye ngazi, umeshika sahani, nitakuwa nimeharibu. Kila asubuhi umeniuliza lini bwana harusi atajitokeza. Nilitaka ajitokeze vizuri."

"Ungeniambia jina lako tu siku ile Kalerwe tungeokoa muda."

"Wewe ulikuwa na haraka ya kunichamba viatu."

Komakech alikohoa. Mushagalusa naye alikuwa amepandisha kofia, akifuatilia mambo haya kwa umakini wa mtu aliyeleta mzigo na kukuta mchezo.

"Bibi, samahani," alisema. "Mazungumzo iko mazuri. Lakini benzangu bengine bako njiani. Mwenye mbuzi alitoka nyuma yangu. Na bale ba kabichi, banapakia magari ingine."

Hapo kila mtu alikumbuka kazi. Oda ilikuwa imeingia simu za wauzaji wote wa upande ule, na kila mmoja aliamini harusi ni yake peke yake kuilisha. Wakiendelea kupakia, mboga zitaozea barabarani, na kesho hakuna muuzaji atakayeiamini tena simu hiyo ikilia. Ilikuwa lazima kuizuia kutoka Sokoni kwenyewe.

"Funguo mbiri," Mzee Erinayo alisema. "Haraka. Nani na nani?"

Walipanda mbio. Nasike aliketi, akatoa ufunguo wake shingoni, akaandika amri ya kuzuia. Alipoinua kichwa, Ondiek alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, kifimbo chake cheusi kiko kiganjani.

"Huu hapa," alisema taratibu, asisikike mbali. "Nimekuumiza, najua. Ukitaka, chomeka huu na wako, tuwe jozi kama zamani. Nitaelewa maana yake. Habari ya Jumamosi hutaisikia tena kwangu."

Mushagalusa, aliyewafuata juu na kofia yake mkononi, akasogea karibu asikie. Nasike aliutazama ule ufunguo. Aliuonea wivu tangu Jumanne, akaulilia, akauota. Sasa uko hapa, wa kuchukua tu.

"Ondiek," alisema, "ondoa mkono wako mezani kwangu."

Uso ulimshuka Ondiek.

"Kanuni ni kanuni. Wewe na mimi hatushiki funguo mbili. Kaa kule pembeni, mbali kabisa." Akageuka. "Latifah, dada, tafadhali leta wa kwako."

Ilimchukua Ondiek muda kuelewa, na Komakech alielewa kabla yake, akampiga mgongoni hadi akayumba. Latifah alivuta kiti, udi wake ukaja naye, akaisoma amri mstari kwa mstari bila kupunguza hata neno. Kisha akamgeukia Nasike, na kwa mara ya kwanza wanawake hao wawili wakatazamana vizuri.

"Una hakika?"

"Nina hakika," Nasike alisema, na alikuwa akimtazama Ondiek kule pembeni.

Wakachomeka. Huko Kalerwe simu zikalia tena, za kuomba radhi, na mwenye mbuzi, walivyosikia baadaye, akageuza njia akiwa ameshafika mataa ya Wandegeya.

Mushagalusa alitazama simu yake, akakuna kichwa. "Sasa, bibi, hii inasema nisilete. Na miye nimeshaleta. Nirudishe?"

Nasike alisogea dirishani. Chini, majani ya matoke yalikuwa yakicheza na upepo juu ya pikapu, na kwenye kiti cha mbele, peke yake kama abiria, lilikaa fungu moja la mboga lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Hapana, baba," alisema. "Oda yako imeshafika. Shusha."